Udongo wa bustani ya mboga: upime kwa mikono, kisha uutengeneze kwa aina yake

Mchicha ukidumaa, lawama ya kwanza huangukia mbegu, ya pili wadudu. Udongo hukumbukwa mwisho, ingawa mara nyingi ndio chanzo. Hata anayeukumbuka huishia kununua viroba vya samadi na kumwaga, kana kwamba udongo wote una njaa ya aina moja. Samadi inayofufua tuta la mchanga wa Mbagala huenda isionyeshe tofauti kubwa kwenye udongo mwekundu wenye tindikali wa Lushoto, ambako kinachotakiwa kwanza ni chokaa. Chokaa hiyo hiyo ukiimwaga kwenye udongo wa maweni wa Makunduchi, ulio juu ya matumbawe, umezidisha tatizo. Maelekezo haya ni ya bustani ya nyumbani, ya mita za mraba 10 hadi 100, inayolimwa kwa jembe na kumwagiliwa kwa ndoo au mpira.

Chimba shimo kabla ya kununua chochote

Subiri siku mbili au tatu baada ya mvua, au mwagilia jioni na uchimbe keshokutwa yake. Shimo liwe na upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 40. Chonga ubavu mmoja usimame wima kama ukuta, kisha uutazame kwa karibu.

Tabaka la juu lenye weusi ndilo lenye mboji. Kwenye viwanja vingi vya mjini halifiki sentimita 5, na pengine halipo kabisa kwa sababu fundi alilikwangua wakati wa kusawazisha kiwanja. Rangi nyekundu chini yake inatokana na chuma kilichokutana na hewa, na ni dalili kwamba maji hupita. Rangi ya kijivu yenye madoa ya kutu inaonyesha maji hutuama hapo kwa sehemu ya mwaka, na ukisikia harufu ya yai viza basi mizizi haipati hewa kabisa. Tazama pia mizizi ya majani yaliyokuwa juu. Ikishuka sentimita 15 au 20 halafu ikakunja kwenda pembeni, imegonga tabaka gumu, na kwa kawaida tabaka hilo limetengenezwa na jembe lenyewe kwa kulima kina kile kile kila msimu.

Kuhakikisha, tafuta kipande cha nondo ya milimita 8, urefu wa nusu mita, ukisukume ardhini sehemu kumi tofauti udongo ukiwa na unyevu. Kikigoma kwenye kina kile kile kila mahali, hilo ni tabaka gumu. Kikigoma hapa na kupita pale, ni mawe au matofali.

Shimo hilo hilo lipimie upitishaji wa maji. Lijaze maji, yaache yanywee yote. Lijaze mara ya pili, chomeka kijiti chenye alama, upime yameshuka kiasi gani kwa saa moja. Ujazo wa kwanza hauhesabiki, kwa sababu udongo mkavu hunywa upesi hata kama ni mfinyanzi. Yakishuka kati ya sentimita 2 na 7 kwa saa, mboga nyingi zitaridhika. Chini ya sentimita 1, panga kuinua matuta. Yakiisha yote ndani ya dakika chache, una mchanga, na mbolea yako nayo itafuata njia hiyo hiyo kwenda chini.

Chupa, kidole gumba na siki

Ili kujua udongo una mchanga kiasi gani na mfinyanzi kiasi gani, huhitaji maabara. Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, inayoonyesha kilicho ndani, yenye ubavu ulionyooka. Chota udongo wa kina cha sentimita 5 hadi 20, ondoa mawe na mizizi, ponda mabonge, ujaze theluthi moja ya chupa. Ongeza maji hadi karibu na shingo na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya unga. Sabuni inatenganisha chembe zilizogandamana. Tikisa dakika 5 bila huruma, kisha iweke mezani mahali ambapo haitaguswa.

Baada ya dakika 1 piga mstari kwa kalamu ya wino mzito: kilichotua ni mchanga. Baada ya saa 2 piga mstari wa pili. Kilichoongezeka ni tope laini, ambalo wataalamu huliita silti. Maji yakitakata, kesho au keshokutwa, piga wa tatu: huo ni mfinyanzi. Ikiwa jumla ni sentimita 10, na mchanga umechukua 7, silti 1.5 na mfinyanzi 1.5, udongo wako ni kichanga tifutifu, wa asilimia 70, 15 na 15. Vijiti na majani yanayoelea juu ni mboji changa, usiyahesabu.

Kipimo hiki kina udanganyifu mmoja. Kwenye udongo mwekundu wa milimani, chuma hugandisha chembe za mfinyanzi ziwe punje ngumu zinazotua haraka kama mchanga, kwa hiyo chupa itakuambia una mchanga mwingi kuliko ulio nao. Ndiyo maana kidole gumba kinahitajika pia.

Lowanisha bonge la udongo la ukubwa wa yai, ulikande dakika mbili hadi liwe kama unga wa chapati. Lisukume kwa kidole gumba juu ya kidole cha shahada litoke utepe mwembamba, uuache uning'inie hadi ukatike kwa uzito wake. Bonge lisiloshikana kabisa ni mchanga. Utepe unaokatika kabla ya sentimita 2.5 ni tifutifu. Kati ya 2.5 na 5 ni tifutifu wenye mfinyanzi. Ukipita 5 na kung'aa ukiupapasa, huo ni mfinyanzi mtupu.

Siki huja mwisho. Weka kijiko cha udongo mkavu kwenye kisahani, udondoshee siki. Ukichemka na kutoa povu, una chembe za matumbawe au mawe ya chokaa ndani, na hapo usinunue chokaa wala usimwage majivu. Usipochemka hujajua bado kama una tindikali. Umejua tu kwamba hauna chokaa ya ziada. Yale maelezo ya kupima tindikali kwa magadi soda kama hamira ya maandazi hayaaminiki, maana udongo ulio na tindikali ya kuumiza maharage hauwezi kutoa povu la kuonekana.

Kwa pH ya uhakika (kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali imeongezeka), peleka sampuli maabara. Tanzania kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, Tanga, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kenya kuna maabara za taasisi ya utafiti wa kilimo, KALRO, Kabete. Chota sehemu 10 hadi 15 kwa mwendo wa zigizaga, kina cha sentimita 20, ukiruka mahali palipokuwa na jaa, moto au banda. Changanya kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati huacha zinki na kuharibu majibu. Toa nusu kilo, anika kivulini, funga, andika tarehe. Kama kuna sehemu mbili zenye rangi tofauti, zifanyie sampuli mbili. Ukizichanganya utapata wastani usiofaa upande wowote.

Mboga nyingi hupenda pH kati ya 6 na 7.

Kipimo cha debe

Kabla ya kuingia kwenye aina za udongo, ishike hesabu hii, kwa kuwa tutairudia. Debe la lita 20 likitandazwa kwenye mita moja ya mraba hutoa tabaka la sentimita 2. Tuta la mita 1 kwa 5 linataka madebe 5. Ukisoma mahali "tandaza sentimita 5 za mboji", ujue ni madebe mawili na nusu kwa kila mita ya mraba, yaani karibu madebe 13 kwa tuta moja. Watu wengi humwaga viganja vichache kila shina, wakaamini wameweka mboji.

Na haikai. Kwenye joto letu vijidudu vya udongo hawalali, na mboji inayodumu miaka kwenye nchi za baridi hapa huliwa upesi. Kuliko kumwaga nyingi mara moja baada ya miaka mitatu, weka debe moja kwa mita ya mraba kila unapobadilisha zao.

Mchanga wa pwani

Ubaya wake ni kushindwa kushika: maji hayakai, mbolea haikai. Pamoja na debe la mboji kwa kila zao, unaweza kuuongezea mfinyanzi wenyewe. Udongo wa kichuguu kilichohamwa ni mzuri kwa kazi hii, kwa kuwa mchwa huchagua chembe laini za chini na kuzipandisha juu. Ponda, chekecha, tandaza debe moja kwa mita mbili za mraba, chimbia kina cha sentimita 20. Jaribu kona moja kwanza, maana vichuguu vingine vina chumvi au alkali.

Kitu kingine kilichojaa mijini bila thamani ni vumbi la mkaa, lile linalobaki chini ya gunia kwa wauza mkaa. Hilo lina vitundu vidogo vinavyoshika maji na virutubisho. Ila likiwekwa kavu na jipya, vitundu hivyo hunyonya naitrojeni iliyopo na mboga hugeuka njano wiki ya pili. Liloweke kwanza kwenye maji ya samadi wiki mbili, au liingize kwenye rundo la mboji likiwa bado linachemka, sehemu moja ya vumbi kwa kumi za mboji. Tusichanganye na majivu: jivu ni kitu kingine, na mchanga wenye matumbawe hauhitaji jivu.

Mbolea ya dukani kwenye mchanga igawe. CAN ya kukuzia, badala ya kuweka vizibo viwili vya soda kwa mita ya mraba kwa mkupuo (kizibo kimoja ni kama gramu 5), weka kimoja leo na kingine baada ya wiki mbili. Maji nayo vivyo hivyo: kidogo asubuhi na kidogo jioni. Ukiacha tuta lenye mboji likauke kabisa, mchanga hupata utando kama nta na maji huteleza juu bila kuingia. Chimbua chini ya palipoonekana kulowa, utakuta vumbi. Dawa yake ni kumwagilia kwa tundu dogo, kupumzika nusu saa, kurudia.

Kisima kilicho karibu na bahari kinaweza kuwa na chumvi hata kama maji yake hayakirihi sana mdomoni. Ganda jeupe juu ya tuta na kingo za majani zilizoungua ndizo dalili. Maharage, karoti na vitunguu ndivyo vinavyoumia mapema. Spinachi huvumilia zaidi. Wakati wa masika acha mvua ioshe matuta, usiyafunike kwa plastiki.

Mwekundu wa milimani

Huu una umbo zuri. Unamwagika mkononi kama punje na maji yanapita. Taabu yake haionekani kwa macho. pH ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu iliyokuwa imejifunga huyeyuka na kuunguza ncha za mizizi, mizizi ikabaki mifupi na minene. Papo hapo chuma na aluminiamu huikamata fosforasi, mmea ukakosa huku udongo unayo. Majani ya chini ya mahindi machanga au nyanya yakigeuka zambarau, shuku hilo.

Chokaa ya kilimo ndiyo inayotangulia. Tani moja kwa hekta ni sawa na gramu 100 kwa mita ya mraba. Udongo mwekundu wenye pH ya 5 hadi 5.5 kwa kawaida utaanza na gramu 200. Wenye mchanga uishie 100, kwa sababu pH ya mchanga hubadilika hata kwa chokaa kidogo, na ukizidisha unafunga chuma na zinki. Pima kwa mizani ya duka, usikadirie kwa kiganja. Tandaza siku isiyo na upepo, changanya hadi sentimita 15, subiri wiki tatu au nne. Chokaa iliyobaki juu haifanyi kazi chini, kwani haitembei. Usiiweke siku moja na samadi mbichi wala urea: naitrojeni itageuka amonia na kupotea hewani, na pua yako itakuwa shahidi. Chokaa ya kupakia ukuta ni kali zaidi na inachoma ngozi na mizizi, iache kwa mafundi.

Baada ya hapo fosforasi. Badala ya kuitawanya bustani nzima ili chuma kiimeze, iweke kwenye shimo la kupandia pamoja na viganja viwili vya mboji. Mbolea ya Minjingu, inayotokana na mwamba wa fosfeti unaochimbwa Manyara, inafaa sana hapa kwa sababu tindikali ndiyo inayoiyeyusha, tena ina kalisiamu. Ndiyo sababu hiyo hiyo inayoifanya ikae tu kama mchanga kwenye udongo wa matumbawe. Na ikiwa umetia chokaa nyingi juzi, unaipunguzia nguvu.

Alizeti pori, yale maua ya njano yanayojaa kingo za barabara za milimani, ni mbolea ya bure. Kata majani na ncha laini, kilo 2 mbichi kwa mita ya mraba, katakata, fukia wiki mbili kabla ya kupanda. Shina gumu liache, litachipua.

Ukitumia mbolea za dukani kama DAP, urea au SA mwaka baada ya mwaka, kumbuka zote huongeza tindikali. Pima pH tena kila baada ya miaka miwili.

Mweusi wa mbuga

Huu ndio unaowatoa watu machozi, kuanzia mbuga za Shinyanga hadi tambarare za Mwea. Ukilowa unavimba na kunata jembeni. Ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Lakini una rutuba na unashika virutubisho kuliko wote waliotajwa hapo juu. Tatizo lake ni hewa na muda wa kulimika.

Ushauri unaorudiwa sana ni kuongeza mchanga. Usifuate. Ili mfinyanzi ubadilike tabia, mchanga unatakiwa uzidi nusu ya ujazo wote. Kwa tuta la mita 5 za mraba na kina cha sentimita 20 hiyo ni nusu mita ya ujazo, madebe 25 na zaidi, kwa tuta moja. Chini ya hapo chembe za mfinyanzi hujaza nafasi kati ya chembe za mchanga na unapata kitu kinachokaribia zege.

Kinachofaa ni mabaki makavu yenye umbo: mabua yaliyokatwakatwa, pumba za mpunga zilizooza, mboji isiyochekechwa sana. Weka madebe mawili kwa mita ya mraba msimu wa kwanza, debe moja baadaye. Inua matuta sentimita 20 hadi 30, upana usizidi mita 1.2 ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga. Njia ziwe sentimita 40, na mtaro mmoja upeleke maji nje.

Kuhusu wakati wa kulima, viringisha udongo kati ya viganja. Ukitoka uzi laini wa unene wa penseli, acha jembe ndani, bado una maji mengi. Ukilimwa sasa utageuka matofali na msimu wote umekwisha. Ukivunjika vipande vidogo, ingia siku hiyo hiyo, maana baada ya siku tatu nne utakuwa mgumu kama jiwe. Wakati wa kiangazi ufunike kwa nyasi sentimita 10 ili usipasuke na kukata mizizi. Karoti humo hutoka zenye miguu mitatu. Kabichi, sukuma wiki na bamia hufanya vizuri.

Kiwanja cha kifusi

Nyumba mpya huacha nyuma yake saruji, vipande vya tofali, chokaa na moramu iliyoshindiliwa na lori. Saruji hupandisha pH kwa miaka. Kulima kifusi ni kupoteza nguvu. Ondoa vipande vikubwa, legeza chini kwa sururu sentimita 20, jenga tuta la kuinua la sentimita 30 juu yake. Udongo mweusi unaouzwa kwa lori unaitwa "wa mbolea" hata ukiwa umetoka mtaroni. Kabla ya kulipa, chota sehemu tatu za lori, tafuta vijibonge vya ndago (vidogo, vyeusi, vigumu kama mbegu ya papai iliyokauka), vioo na plastiki. Ndago ikiingia bustanini utaishi nayo. Ukiwa na muda, omba debe moja ulipande mchicha kwanza.

Palipokuwa gereji, au palipovunjwa betri za magari, usipande chakula kabisa. Madini ya risasi yaliyomo kwenye betri hayaozi na mboji haiyaondoi.

Kuivisha mboji

Rundo dogo haliwaki. Kiwango cha chini ni mita 1 kila upande, liwe kivulini, juu ya udongo wala si sakafu. Anza na vijiti vya unene wa kidole, sentimita 15, ili hewa iingie chini. Fuatisha tabaka la vikavu sentimita 20, kama mabua, majani makavu ya mwembe au migomba iliyokatwakatwa. Juu yake weka vibichi sentimita 10: maganda ya jikoni, magugu yasiyo na mbegu, majani ya mkunde au lukina. Kisha samadi sentimita 5 na vumbi la udongo kidogo. Nyunyizia maji kila tabaka. Rudia hadi lifike kifuani, funika kwa magunia au majani ya mgomba. Chomeka mti mrefu katikati ubaki ndani. Huo ndio kipimajoto chako.

Siku ya nne au ya tano chomoa mti. Ukiwa wa moto hadi huwezi kuushika kwa starehe, rundo linafanya kazi, nyuzijoto 55 hadi 65, na mbegu nyingi za magugu zinakufa. Ukiwa wa vuguvugu na mkavu, ongeza maji. Ukiwa na unyevu ila wa baridi, vibichi au samadi havitoshi, au rundo ni dogo. Ukinuka yai viza, maji yamezidi: fumua, changanya vikavu. Harufu ya mkojo uliokaa inasema samadi imezidi na naitrojeni inaruka. Sisimizi wakijenga humo, ni pakavu. Kwa unyevu, kamua kiganja cha mchanganyiko kwa nguvu: tone moja mawili kati ya vidole ndiyo sawa.

Pindua wiki ya pili au ya tatu, ya nje yaingie ndani. Pindua tena baada ya wiki tatu. Kwa wiki 8 hadi 12 itakuwa nyeusi, yenye harufu ya ardhi iliyonyeshewa, na rundo limebaki theluthi hadi nusu. Mita moja ya ujazo hukupa kama madebe 16 hadi 25, yaani mita za mraba 16 hadi 25 za bustani kwa zao moja. Anza mwishoni mwa Desemba ukitaka kuitumia masika. Usitie nyama, kinyesi cha mbwa au paka, ndago, sangari, wala nyanya zilizonyauka kwa ugonjwa.

Kujua kama imeiva, jaza kopo, otesha mbegu 20 za mchicha, na kopo la pili lijaze udongo wa kawaida. Mchicha huota ndani ya siku 3 hadi 5. Ukiota vibaya kwenye mboji na vizuri kwenye udongo, bado ni mbichi, iachie wiki tatu.

Samadi ya kununua ipime kwenye glasi ya maji kwanza. Tikisa, acha itue. Utashangaa viroba vingine ni nusu mchanga wa zizini. Iliyokaa juani miezi imeshapoteza naitrojeni nyingi ingawa bado inafaa kwa umbo la udongo. Mbolea ya kuku ni kali: iozeshe wiki 6 hadi 8, kisha kilo 1 kwa mita ya mraba inatosha. Ikiwa mbichi huunguza miche ndani ya siku chache, kingo zikakauka kama zimepitiwa na moto. Maranda na vumbi la mbao vitumike juu kama matandazo tu. Ukivichimbia, vijidudu vinavyovila hukopa naitrojeni ya udongo na mboga hukaa njano hadi deni lilipwe, jambo la miezi.

Matandazo, mchwa na minyoo fundo

Nyasi kavu za sentimita 5 hadi 10 hupoza udongo, hupunguza kumwagilia na huwalisha nyungunyungu. Ziache wazi vidole vitatu kutoka kwenye shina ili lisioze. Mchwa watakuja. Wengi wao hula kilichokufa, na matandazo yakiisha au udongo ukikauka sana ndipo huhamia mimea hai, kwa hiyo kuyaondoa kwa hofu ya mchwa huleta kile unachokiogopa. Ongeza mengine na udongo usikauke.

Nyanya au bamia ikinyauka mchana na kuamka jioni, ing'oe moja uoshe mizizi. Vinundu visivyobanduka kwa kucha ni minyoo fundo. Vya maharage vinavyobanduka kirahisi, vyenye wekundu ndani, ni vya kurutubisha, viache. Mchanga ndio unaowapendeza minyoo hao zaidi. Ng'oa mimea yote na mizizi yake, usiipeleke kwenye mboji. Msimu wa jua kali lowesha tuta hadi sentimita 30, lifunike kwa plastiki inayopitisha mwanga, kingo zifukiwe kwa udongo, uache wiki 4 hadi 6. Plastiki nyeusi haifiki joto la kuwaua minyoo. Baada ya kufunua panda marejea (mmea wa jamii ya kunde unaofukiwa kama mbolea) miezi miwili au mitatu, uyafukie yakianza kutoa maua, kisha anza na mahindi au vitunguu kabla ya kurudisha nyanya. Usilime chini ya sentimita 15 wakati huo, maana minyoo ya chini haikuguswa na joto na jembe ndilo litakalowapandisha.